Kiendeshi Kilichonyooshwa

Fenna Wieringa alikuwa na hasira za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kazini: yeye ni mfungua daraja, na kila kiangazi manahodha wa boti za starehe humpigia honi kana kwamba daraja ni mlango wa choo nao wamebanwa. Hiyo huisha boti ikishapita. Ya pili ilikuwa ya Rikus Dijkema, na hiyo haikuwa na daraja la kuipitisha.

Ilianzia gazetini. Ukurasa wa habari za mkoa, picha ya rangi: Rikus, muuza makabati ya jikoni, kasimama kando ya sanduku la kioo, na ndani ya kioo mna diski moja nyeusi ya flopi. Chini yake wameandika kwamba hatimaye aliyetunga mchezo wa kompyuta wa "Upepo wa Mbele" amepatikana, kumbe ni mtu wa hapa hapa Westerzijl.

Kila mtu wa rika la Fenna katika mkoa wa Groningen aliucheza mchezo huo. Unaendesha baiskeli juu ya tuta kwenda shule, upepo unakupiga usoni, na mabata bukini wanatoka majanini kukunyang'anya mkate. Ukifika shule mkate ukiwa mzima, umeshinda. Ulienea kwa kaseti, kutoka uwanja wa shule hadi uwanja wa shule, kama mafua. Na aliyeutunga ni Fenna, akiwa na miaka kumi na sita, darini kwa baba yake, amevaa glavu zilizokatwa vidole kwa sababu ya baridi.

Rikus alikuwa jirani. Kwao hapakuwa na kompyuta. Alikuja kila siku baada ya shule, akakaa kwenye kreti la viazi, akala mkate wa Fenna, mwishowe akaondoka na kaseti na diski moja. Kwenye kaseti, penye jina la mtunzi, watu wakasoma: Rikus.

Wakati ule Fenna alinuna, kisha akasahau. Utoto. Lakini gazeti si utoto. Alimpigia simu.

"Fenna bibie," Rikus alisema kwa ile sauti anayowauzia watu makabati, "umri huu wetu kumbukumbu zinatuchezea. Mimi nakukumbuka vizuri sana. Wewe ndiye uliyekuwa ukituletea sharubati na biskuti."

Sharubati na biskuti. Fenna aliinua daraja na kulishusha, akayatafuna maneno hayo mpaka taya zikamuuma. Angeitwa mwongo, angevumilia. Darajani ameitwa mabaya zaidi. Lakini kugeuzwa mtumishi ndani ya dari yake mwenyewe, mbele ya kompyuta yake mwenyewe, huku mwizi akiwa na mkate wake mdomoni, hapana.

Akapanda darini. Diski zake nyingi zilikuwa zimeliwa na ukungu. Moja ilikuwa nzima, na juu yake mwandiko wake wa usichana. Humo ndimo ulimokuwa mchezo kama alivyouandika: jina lake kwenye skrini ya kwanza, na yule bukini mkubwa kuliko wote, mwizi wa mikate, amepewa jina la Rikus. Kwenye kaseti majina yote mawili yalikuwa yameondolewa mahali pake. Bukini alibaki bila jina, na mchezo ukapata baba.

Kilichobaki ni kuisoma diski hiyo. Kompyuta iliwaka, lakini kiendeshi cha flopi, lile sanduku zito la kijivu linalomeza diski, kilinuka tu. Akakipeleka kwenye chama cha kompyuta za zamani, kinachokutana katika kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Akamkabidhi Lammert Huizing, fundi wa televisheni aliyestaafu, akamwambia: "Badilisha kapasita, safisha, nirudishie. Jumamosi ni siku ya wazi na Rikus atahutubia. Nakihitaji kabla ya hapo."

Aliporudi Ijumaa, Lammert alikuwa anamngoja na uso wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Kaa kwanza nikueleze," alisema. Lammert hakurudisha kitu bila maelezo. Ndiyo malipo yake. "Nilipofungua tu, harufu ya samaki. Mke wangu akauliza nimeleta samaki wangapi. Kapasita zote zimevuja, Fenna. Vile vikopo vya kutunza umeme vilikuwa vimetema maji yao juu ya ubao. Nimezing'oa, nimeosha ubao, nimelehemu mpya, chanya penye chanya, hasi penye hasi. Grisi ya reli ilikuwa imeganda kama nta ya sikio la mzee. Nimeikwangua nikatia mpya. Kichwa cha kusomea nimekipangusa kwa spiriti mpaka kinang'aa."

"Ahsante, Lammert. Kweli ahsante."

"Bado. Kuna la ziada." Akashusha sauti. "Kilikuwa kimepinda. Kichwa kimekaa upande, sijui uliishije nacho. Nimekinyoosha. Sasa kimenyooka kuliko siku kilipotoka kiwandani."

Fenna, ambaye hakujua kupinda ni nini, alitia diski yake. Kiendeshi kikazunguka, kikafikiri, kisha kikaanza kugonga: ko, ko, ko, ko. Skrini ikaandika kwamba haikuona kitu.

"Labda vumbi," Lammert alisema. Akatia diski ya chama. Ikasomeka kama maji. Akarudisha ya Fenna. Ko, ko, ko.

Kilichobadilika kwanza kilikuwa masikio ya Lammert. Yalikuwa mekundu kabla mdomo haujafunguka.

"Fenna. Diski zako zamani, ulipompa mtu, zilisomeka kwake?"

"Hata siku moja. Kila niliyempa aliirudisha akisema mbovu. Kiendeshi kilianguka kwenye ngazi wiki ile ile Baba alipokinunua. Akakikaza mwenyewe, kikafanya kazi, ila kwangu tu. Ndiyo maana tulitoa kaseti."

Lammert akakaa. Akachukua sahani na kuchora kwa kidole pete ndani ya pete. Diski huandikwa hivi, alisema, kwa miduara, na kichwa hukaa juu ya mduara wake. Kichwa cha kiendeshi cha Fenna kilikaa kando kidogo. Kiliandika kando, na kwa kuwa kilisoma kando vilevile, hakikuona tatizo. Kama mtu aliyepanda viazi kando ya matuta: mwenyewe anajua pa kuchimba. Sasa Lammert alikuwa amemrudisha mwenye shamba kwenye matuta, na viazi vimebaki vilipo.

"Nilikuagiza nini?" Fenna aliuliza. Sauti ilikuwa tulivu, na manahodha wanaomjua wangerudi nyuma.

"Kapasita. Na usafi."

"Kunyoosha nilitaja?"

"Hukutaja. Lakini mtu hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha."

"Mimi nimekuona wewe miaka yote hii na nimekuacha."

Fenna akainama juu ya kiendeshi.

"Kabla hujageuza, uliweka alama pale kilipokuwa?"

"Alama ilikuwepo. Tone la rangi ya kucha juu ya skrubu za mota inayosogeza kichwa, nyekundu."

"Ya mama yangu. Baba ndiye aliyeitia ili zisilegee. Iko wapi?"

"Nimeifuta," Lammert alisema. "Ilikuwa chafu."

Fenna akatazama meza ya kazi ya Lammert. Bisibisi zimepangwa kwa urefu. Vitambaa vimekunjwa pembe nne. Hata mabaki ya risasi ya kulehemu yalikuwa kwenye kikopo chenye kifuniko. Mtu wa namna hii, alifikiri, ukimwachia kaburi la mama yako atalinyoosha lielekee barabara.

"Kipinde tena," alisema.

"Fenna..."

"Ulikinyoosha bila kuombwa. Sasa unaombwa."

Kazi ikawa hivi: Lammert alilegeza skrubu mbili za mota, akaigeuza unywele mmoja, Fenna akabonyeza kitufe, wakasikiliza. Ko, ko, ko. Unywele mwingine. Ko, ko, ko. Walipita upande mmoja mpaka mwisho, wakaanza upande wa pili. Lammert akasimama, akatoa diski, akaiinua kwenye mwanga.

"Sikiliza. Rangi hii ya kahawia ndiyo inayobeba maandishi, na imezeeka. Kila tukijaribu, kichwa kinaikwangua. Huna nyingine tuihangaishe?"

"Hiyo ndiyo."

"Basi tuache leo. Tutafute njia ya taratibu."

"Kesho Rikus anasimama pale mlangoni na waandishi wa gazeti, na mimi niko darajani nawapungia watu kama mleta sharubati. Geuza."

"Ikifa je?"

"Ikikaa kimya kwenye kasha ndiyo inaishi? Geuza, Lammert."

Akageuza. Unywele mmoja, na nusu ya unywele. Kugonga kukakatika. Badala yake kiendeshi kikanung'unika, mnung'uniko mnene wa paka aliyepata mapaja ya kukalia, na Lammert akakaza skrubu huku akiwa hajapumua. Skrini ikajaa: UPEPO WA MBELE. Chini yake: UMETUNGWA NA FENNA W. Likaja tuta, ikaja baiskeli. Kisha mlio mkali, kama uma juu ya sahani, na picha ikafa.

Lammert aliitoa diski. Pete nzima ilikuwa imebaki plastiki tupu. Fenna aliuona uso wa fundi kupitia humo. Rangi yote ilikuwa unga wa kahawia kwenye kichwa.

"Mpindo tumeupata," Lammert alisema polepole. "Diski tumeimaliza."

"Nimeona."

"Jina lako nimelisoma kwa macho yangu. Nitasimama niseme."

"Utasema nini? Kwamba uliona, kisha ukakwangua? Rikus atakununulia bia kwa ushahidi huo."

Akatoka nje. Mlangoni kuna mkebe wa maziwa wa zamani uliogeuzwa chungu cha maua. Fenna aliupiga teke. Mkebe ulikuwa umejaa udongo na haukutikisika, kwa hiyo akarudi ndani akichechemea, hasira ileile, na maumivu ya mguu juu yake.

Ndani alimkuta Roelfien, mwenyekiti wa chama, mama mnene mpole ambaye kahawa yake ni mbaya na hakuna anayethubutu kumwambia. Alikuwa ameshika vikombe viwili na anaitazama ile diski.

"Pole mwenzangu," alisema. "Ni mwaka mbaya wa diski. Ya Rikus nayo ndiyo hivyo. Majira ya kuchipua tuliitembeza kwenye mashine zote za chama, kama ilivyo desturi, na zote zikaikataa. Mwenyewe akasema uzee, tuiweke kwenye kioo basi ipate heshima."

Fenna alikuwa anakaa. Akaacha kukaa.

"Zote?"

"Zote. Na ukiiangalia ni nzuri, haina hata ukungu."

"Roelfien. Rikus hakuwa na kompyuta. Hakuwa na kiendeshi. Ile diski nilimpa mimi, siku alipoondoka na kaseti. Sasa niambie, iliandikwa na nini?"

Jibu lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa kifuniko. Lammert aliirudisha bisibisi mahali pake. Kisha akaona mkono wake unataka kupangusa vumbi kwenye skrubu, akauweka mfukoni.

"Lete rangi ya kucha," alisema.

Jumamosi kiwanda cha maziwa kilijaa. Watu wa makamo walikuwa wamejipanga mbele ya kompyuta za ujana wao, wakibonyeza kwa vidole ambavyo havikunenepa hivi zamani. Rikus alihutubia. Alisimulia dari, baridi, glavu zilizokatwa vidole. Glavu pia alikuwa amezichukua. Fenna alisimama nyuma, na Lammert kando yake alinong'ona, "Bado, bibie, bado," kama anayemtuliza farasi.

Rikus alipomaliza na makofi yakaisha, Fenna alisema kwa sauti ya darajani, ile inayovuka maji bila kipaza: "Bwana Rikus, hotuba tamu. Hebu tuuone basi."

Vichwa vikageuka.

"Fenna mpenzi," Rikus akacheka, "diski imekufa. Kila mtu hapa anajua. Kuna kaseti kwenye meza ya tatu, kacheze na watoto."

"Haijakufa. Haijatembezwa kwenye mashine zote."

"Imetembezwa."

"Yangu haikuwepo." Akafunua kitambaa kwenye meza yake: kompyuta, kiendeshi cha kijivu, na kwenye skrubu zake matone mawili mekundu.

Rikus aliangalia kiendeshi. Kama alikikumbuka, hakuonyesha. "Diski ile ni kumbukumbu ya kihistoria. Siwezi kuitia kwenye mashine ya mtu yeyote tu."

"Mbona majira ya kuchipua uliitia kwenye mashine ya kila mtu?" mzee mmoja aliuliza kutoka mstari wa kahawa. "Leo imekuwa yai?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomfunga Rikus. Desturi ya chama haina ubishi: diski isiyosomeka hupelekwa mashine hadi mashine mpaka ya mwisho, na mwenyewe hana neno. Roelfien alikuwa ameshatoa ufunguo wa sanduku la kioo.

"Itembee," alisema. "Ikikataa, tunairudisha palepale, na Fenna anakuomba radhi mbele ya watu hawa. Si ndiyo, Fenna?"

"Ndiyo," Fenna alisema.

Lammert aliipokea diski kwa vidole viwili. Alikuwa amekisafisha kichwa tangu asubuhi mara asizoweza kuhesabu. Akaitia, akafunga kilango, akabonyeza.

Ko.

Rikus akaanza kutabasamu.

Ko, ko.

"Unaona," Rikus alisema. "Uzee. Hata sisi..."

Kiendeshi kikanung'unika.

Wanachama waliokuwa karibu waliacha vikombe vyao hewani. Hawakuhitaji skrini. Hawa ni watu ambao wakisikia kiendeshi cha jirani ukutani wanajua kinafanya nini, na walijua hili lina maana gani: diski iliyokataliwa na mashine zote imeingia katika mashine moja kama mguu katika kiatu chake cha zamani. Roelfien aliyasema kwa wote, polepole: "Basi imeandikwa humu."

Skrini ikawaka. UPEPO WA MBELE. UMETUNGWA NA FENNA W. Lammert alishika kijiti cha kuchezea, akaikanyagisha baiskeli juu ya tuta, vibaya kabisa, maana hajawahi kuwa mchezaji. Majani yakatikisika. Akatoka bukini mkubwa kama ng'ombe, akanyoosha shingo, akaung'oa mkate mikononi mwa mtoto, na chini ya skrini maandishi yakapita, herufi moja moja, kwa mwendo wa zamani: RIKUS AMEKULA MKATE WAKO TENA.

Kisha yule mzee wa mstari wa kahawa alisema, "Sasa hapo, bwana Dijkema, wewe ulijiandika bukini?" na ukumbi mzima ukapasuka.

Fenna hakucheka. Alidhani angecheka. Alitazama herufi zile, akaona zilivyopangwa na msichana aliyekuwa na hasira na hakuwa na pa kuipeleka ila ndani ya bukini, na yake ya sasa haikupungua hata tone. Ilipata tu pa kusimama.

Rikus alimsogelea, masikio yake yamepata rangi ya kucha. Alinyoosha mkono.

"Haya, Fenna. Mambo ya utotoni. Tulikuwa marafiki. Tusiharibu siku, eh? Tunywe kahawa yaishe."

Fenna aliutazama ule mkono mpaka ukachoka ukashuka wenyewe.

"Jina langu kwanza," alisema. "Kwenye kioo, na kwenye gazeti, kwa mdomo wako. Mwandishi yule pale, bado hajafunga kalamu."

"Sasa hivi?"

"Mimi nimengoja zaidi."

Rikus akaenda. Ilichukua muda, na mwandishi alimwomba arudie sehemu ya bukini. Roelfien alitoa kibao kwenye sanduku la kioo, akakigeuza, akaandika upya kwa kalamu ya wino mzito. Lammert akainama sikioni mwa Fenna.

"Diski imeshasomeka na imeshanakiliwa," alisema. "Ukitaka, sasa naweza kukinyoosha tena. Bure."

"Lammert, ukiigusa skrubu ile nitakulehemu vidole."

"Nimeuliza tu."

"Ulivyouliza mara ya kwanza?"

Lammert akatia mikono mfukoni. Kwa jinsi alivyokuwa anakitazama kiendeshi, kilikuwa kinamuuma kama picha iliyopinda ukutani.

Rikus alirudi amepauka. "Nimesema. Yote. Sasa ile kahawa?"

"Kahawa nitakunywa," Fenna alisema, akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine yake. "Utaileta wewe. Na biskuti."

Akaileta, katikati ya watu, mkono mmoja kikombe na kisahani chake, na mkono wa pili bati la biskuti. Katika mkoa ule bati hufunguliwa, mgeni huchukua moja, bati hufungwa. Hata watoto wanajua. Fenna alichukua moja. Rikus akaanza kufunga kifuniko.

"Acha wazi," Fenna alisema, akachukua ya pili, kisha ya tatu, macho hayajamwacha.